Mizani ya ghala, hesabu na malipo yanayojirudia

Ndugu muulizaji wa Masasi, umeeleza kwamba programu ya mizani ghalani, ile ya uhasibu na huduma ya malipo kwa simu mmeziunganisha moja kwa moja, na kwamba intaneti ilipokatika katika msimu uliopita wa korosho, wakulima wawili walilipwa mara mbili. Kosa si la mtandao peke yake. Mfumo wenu ulituma ombi la malipo, jibu likapotea njiani, ukadhani ombi halikufika, ukalituma upya; upande wa pili ukalipokea kama ombi jipya kabisa.

Kabla ya kulipia programu yoyote ya kuunganisha mifumo hiyo iliyo kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, hakikisheni kwamba kila ombi linabeba namba yake ya pekee, kwa mfano namba ya stakabadhi ya ghala pamoja na ya awamu ya malipo, na kwamba API ya malipo, yaani njia ambayo programu nyingine huitumia kuwasiliana na huduma ya malipo, inaikumbuka namba hiyo na kukataa kulipa tena. Foleni ya maombi, yaani mahali yanapohifadhiwa yakisubiri kutumwa, iwepo pia kwenye kompyuta ya ghalani, maana wingu halifikiki intaneti ikikatika, jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ndogo. Mkipata jibu la 429, yaani mmetuma maombi mengi mno kwa muda mfupi, mfumo usubiri kwa vipindi vinavyorefuka.

Funguo za API, yaani namba za siri ambazo mfumo huzitumia kujitambulisha, msitumiane kwa WhatsApp. Kila mfumo upewe wake, ili ufunguo mmoja ukivuja muufute bila kusimamisha mizani.