Kaolewa na mume au na nyumba?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi na binti yangu wa kidato cha pili tumemaliza tamthilia ya zamani ya Kikorea, Sweet 18. Msichana Yoon Jung-sook, miaka 18, darasani hafui dafu, anaozwa kwa mwendesha mashtaka Kwon Hyuk-joon kwa kuwa babu zao waliahidiana. Tumecheka mpaka mbavu zinauma. Lakini binti kaniuliza: Wakorea mpaka leo wanaoana hivyo? Na kwa nini kaolewa na bado anaitwa Yoon? Mimi nina langu: ule upishi wa kuwapikia marehemu, mbona hauishi?
Mtazamaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na jina, maana ndilo jepesi. Mwanamke wa Kikorea haachi jina la ukoo wake kwa sababu ya ndoa. Yoon kazaliwa, Yoon atazikwa; watoto ndio watakaoitwa Kwon. Ila binti asidhani huo ni uhuru. Tamthilia hii ilirushwa na KBS2, kituo cha televisheni cha Korea Kusini, mwanzoni mwa 2004, na wakati huo sheria ya Korea Kusini bado ilitaka kila familia iandikishwe chini ya mkuu wa kaya, kwa kawaida mwanamume. Binti akiolewa, anatolewa kwenye daftari la baba yake na kuhamishiwa la mumewe. Mahakama ya Katiba iliukataa utaratibu huo 2005, ukafutwa rasmi Januari 2008. Kwa hiyo Jung-sook tunayemwona pale jina lake ni la kwao, karatasi zake ni za kwa mume.

Kuozwa na babu? Hapana, hayo yamepita, ndiyo maana yamefanywa kichekesho. Kilichobaki ni kukutanishwa, wenyewe wanaita seon. Mama, shangazi au kampuni ya kutafuta wachumba inapanga, watu wanakutana kwenye mkahawa wa hoteli, wanaulizana kazi, elimu na wazazi. Usipompenda, unamaliza kahawa yako unaondoka. Na mwambie binti hili pia: 2004 msichana wa Korea aliweza kuolewa na miaka 16 wazazi wakikubali. Sheria ilibadilishwa Desemba 2007, sasa ni 18 kwa wote.

Sasa jikoni, ambako mimi ndiko nilikotulia zaidi.

Hyuk-joon si mume tu. Ni jongson, mwana wa kwanza wa mwana wa kwanza, mrithi wa nyumba kuu ya ukoo. Nyumba ya namna hiyo huitwa jongga, na ukitaka kuziona, nenda Andong, mkoa wa Gyeongsang Kaskazini, mji unaojivunia mila za Kikonfusio, yaani mafundisho ya kale ya mwanafalsafa Confucius kuhusu kuheshimu wazee na ukoo. Anayeolewa na jongson ndiye anayeshika nyumba: funguo, wageni, na jesa, yaani ibada ya kuwakumbuka marehemu.

Hesabu mwenyewe, mwanangu. Kimila wanakumbukwa wa vizazi vinne kwenda juu, kila mmoja siku aliyofariki. Mume na mke kila kizazi, hao wanane. Ongeza Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi na sikukuu ya mavuno, Chuseok: mara kumi kwa mwaka, na bado hujawapikia walio hai. Ibada yenyewe zamani ilifanywa usiku wa manane, kwa hiyo jiko linawaka tangu asubuhi.

Na meza haipangwi ovyo. Matunda mekundu mashariki, meupe magharibi. Samaki mashariki, nyama magharibi. Pilipili na vitunguu saumu marufuku, mapichi nayo marufuku, kwa maana vinaaminika kufukuza roho. Wewe wa Tanga utapenda hili: Andong iko mbali na bahari, lakini pweza ni wa lazima kwenye shughuli zao. Samaki aina ya makareli walikuwa wakibebwa kutoka pwani wakitiwa chumvi njiani wasioze, na mpaka leo makareli wa chumvi ndio sifa ya mji. Wakati wa kusujudu, kimila wanaume mara mbili, wanawake mara nne. Waliopika ndio wanaoinama zaidi! Hapo mimi sikucheka.

Ndiyo maana nasema babu hakumtafutia mjukuu mke, alitafuta mtu wa kushika funguo. Mahaba yalikuja baadaye, na kwa bahati waigizaji wake, Lee Dong-gun na Han Ji-hye, wanayacheza vizuri.

Siku hizi mzigo umepungua. Familia nyingi zinaunganisha siku za wazee kuwa moja, wengine wameacha kabisa, Wakristo wengi wana ibada yao. Mwaka 2022 Sungkyunkwan, taasisi kuu ya Kikonfusio, ilitangaza kuwa vyakula vya kukaanga havina ulazima kwenye meza ya Chuseok. Walioungua mafuta mikononi miaka yote hiyo sijui walijibu nini.

Mkitaka nyingine ya ndoa ya kuahidiana, tafuteni Princess Hours ya 2006, sehemu 24. Msichana wa kawaida anaozwa kwa mwana wa mfalme katika Korea ya kubuni yenye ufalme hadi leo. Huko hapiki, kasri lina watumishi, lakini adabu za bibi mkuu zitamtoa jasho.