Ramli ya Nauru

Ndugu, unasema wenye majina makubwa watapita kirahisi uchaguzi ujao Nauru, ile nchi ndogo ya kisiwa kwenye Pasifiki. Sina hakika. Kule mpiga kura haweki alama kwa mmoja, anawapanga wagombea wote wa jimbo lake: wa kwanza anapata pointi 1, wa pili nusu, wa tatu theluthi, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Wanapiga hivyo tangu 1971. Sasa mtu asiyevuma, ila karibu kila familia imemweka wa pili, anaweza kumpiku huyo staa wako. Na urais ndiyo usiubashiri kabisa, wanaamua wabunge 19 wenyewe. Mimi jicho langu liko jimbo la Ubenide, lenye viti vinne bungeni. Majimbo karibu yote mengine ni viwili tu.