Usiagize tanga kwa vipimo vya karatasi

Mleta mada, hiyo oda usiitume kwanza. Umesema mashua yako ni ya futi 27, ya kutembelea pwani, umenakili vipimo vya matanga, I, J, P na E, kutoka karatasi ya mtengenezaji, na kesho vinaenda kwa mshonaji matanga. Halafu unauliza kama uwiano wa matanga na uzito uliopiga, 17, unafaa, na aina ya mkuku, ule uti wa chini ya mashua. Mkuu, mimi nilichinjwa hapo hapo kwenye kunakili.

Karatasi yangu ilisema P, yaani kimo cha tanga kuu kwenye mlingoti, ni mita 9.60, na E, urefu wake kwenye bumu, ile boriti ya chini ya tanga, mita 3.30. Dalali aliyeniuzia akaniambia, "Modeli hii inajulikana dunia nzima, utapima nini?" Kwa kujiamini kule, nikaona aibu hata kuuliza. Kumbe modeli ileile ilitoka na milingoti miwili, mrefu na mfupi. Karatasi ni ya mrefu. Wa kwangu ni mfupi, P yake mita 9.05. Yeye mashua aliiona kwa macho yake, mlingoti umesimama mbele yake, na kamisheni akala!

Tanga likaja, jeupe, linanukia upya. Nikavuta henza, kamba ya kupandishia tanga, hadi kichwa cha tanga kikagota juu kwenye kapi, na bado sentimita 55 za kitambaa zimelala kwenye bumu. Mashua ilikaa kama mtoto aliyevishwa kanzu ya babu yake. Jirani wa gatini akaniuliza kama nimeanza biashara ya mahema. Nikacheka naye, ningefanyaje?

Usidhani dawa ni kukata tu. Ukikata chini, kona ya nyuma inaondoka na viraka vyake vyote vya kuimarishia, inashonwa upya. Mistari ya kupunguzia tanga upepo ukizidi nayo inahamishwa. Na tumbo la tanga, lile linaloleta nguvu, limeshonwa mahali pake kwa kimo kile, kwa hiyo ukipunguza chini linabaki si pale mshonaji alipolikusudia. Ukarabati ulinila karibu nusu ya bei ya tanga, na bado halijakaa vizuri.

La mbele ndiyo usiseme. I ni kimo cha pembetatu ya mbele, ile kati ya mlingoti, sitaha na kamba ya mbele inayoshikilia mlingoti, na J ni kitako chake. I yangu ni 10.60, J 3.10, hesabu inatoa kamba ya mbele kama mita 11.04. Lakini nina kile kifaa cha kukunjia tanga, chenye gurudumu chini na kizungusho juu, na vyote viwili vinakula urefu. Karatasi haikijui, kilifungwa miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo pima mwenyewe, mlingoti wako, kwa mkono wako. Chukua futi ya chuma, ya kitambaa inavutika. Siku ya utulivu, funga ncha yake kwenye pingu ya henza, na hapo hapo funga kijikamba cha kuishushia. Kijikamba usikisahau! Mimi nilikisahau, futi ikashinda juu siku nzima kama bendera ya ujinga. Pandisha hadi kichwa cha tanga kinapofika, kaza, soma kwenye pini ya kona ya chini mbele. E ianzie mgongo wa mlingoti hadi ukanda mweusi mwishoni mwa bumu. Rudia siku nyingine. Namba zikipishana, pima mara ya tatu.

Na huo uwiano wa 17 wa matanga na uzito ni wa matanga ya karatasi. Ni wa kawaida kabisa kwa mashua za pwani, 15 hadi 18, ila huenda mlingoti wenyewe si wako.

Kile kipande kilichokatwa sikukitupa. Nimekishonea mfuko wa futi.