Foleni ya Samunge haikuulizwa kadi ya chama

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni wafuasi wa chama gani wanaoamini uzushi kwa wepesi zaidi. Jibu langu lilikuwa tayari tangu mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, mkoani Arusha, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500.

Arusha ilikuwa na donda bichi, kwani Januari hiyo polisi walikuwa wamepambana na waandamanaji wa chama cha upinzani, Chadema, na watu wakafa. Ofisini kwetu wa kijani wa CCM, chama tawala, na wa magwanda wa Chadema hawakunywa chai meza moja. Hata hivyo kikombe kilipovuma, mhasibu wetu, kada wa CCM, na fundi umeme wetu, Chadema wa kufa na kuzikana, walichanga nauli ya gari moja, wakalala njiani katika foleni ya magari iliyopimwa kwa kilomita, wakala mkate mmoja, na wakarudi wakiisifu dawa ya mti wa mugariga kwa maneno yaleyale. Mhasibu huyo hakupitisha hata malipo ya sabuni bila stakabadhi. Nilipomuuliza uthibitisho wa uponyaji uko wapi, alinijibu, "Tapeli gani, ndugu yangu, anayetoza mia tano?" Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na ndiyo maana siamini kwamba ukali wa akili ni kinga: alikwisha kuamini, akili ikaja baadaye kutetea. Tena mgonjwa wa kisukari aliyechoshwa na dawa hatafuti itikadi, anatafuta kupona.

Ningeishia hapo, lakini kuna Mei 2020, Rais Magufuli wa CCM aliposema kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zimeonekana na korona. Safari hii wawili wale waliachana. Mhasibu aliona vipimo vyote havifai; fundi, ambaye hakuwa ameuliza swali hata moja Samunge, sasa alidai kuonyeshwa sampuli zilichukuliwaje na nani aliyezisimamia.

Basi nalazimika kukiri kwamba chama kina mkono, ingawa si ule mnaoudhani: hakimfanyi mtu kuwa mwepesi wa kuamini, bali humchagulia mahali pa kuanza kuuliza. Nasema hivyo kwa tahadhari, maana nina mfano wa watu wawili tu, na kutilia shaka kipimo si uzushi kwa chenyewe. Lakini kama papai lile lingetajwa na kiongozi wa upinzani, sidhani kama mhasibu wetu angelipokea bila stakabadhi.