Umeona muvi za Lord of the Rings na sasa unataka kitabu? Frodo na Faramir utawashangaa

Umeuliza kama wahusika wa muvi tatu za The Lord of the Rings ni wale wale wa kitabu, kwa sababu umezimaliza zote na sasa unataka kusoma. Sura ni zile zile, hapo usiwe na wasi, Gandalf ukimsoma ni sauti ya Ian McKellen utasikia kichwani na haitakusumbua hata kidogo. Tabia ndio kuna maneno. Venye mi naona, Peter Jackson, mwongozaji wa hizo muvi, na wenzake hawakuwa na shida na mtu mwenye tamaa ama mwoga, shida yao ilikuwa mtu anayejua msimamo wake tangu siku ya kwanza, huyo lazima wamtie shaka kwanza ndio baadaye aonekane amekua.

Anza na Frodo, yule hobiti (kale kajamii ka watu wafupi) anayebeba pete ya uovu inayomtamanisha kila mtu. Mi nilianza na kitabu, mtumba wa kando ya barabara pale Tom Mboya, vyote vitatu vimeunganishwa kuwa kimoja na maandishi ni madogo ajabu, nikakisoma kwa matatu jam ya Thika Road ikinisaidia, kwa hivyo nilipofika kwa muvi Frodo alikuwa ashakuwa mtu mzima kwangu. Anarithi pete akiwa na miaka 33, anakaa nayo kwao Shire miaka 17, anatoka akiwa na 50! Elijah Wood walipoanza kushuti 1999 alikuwa na 18. Lakini usikimbilie kulaumu sura yake, kitabu chenyewe kinasema pete ilimzuia kuzeeka. Kilichopotea ni ule utu uzima ulio nyuma ya hiyo sura. Cheki pale kilima cha Weathertop, kwa muvi wale Nazgûl, wapanda farasi weusi wanaoitafuta pete, wakija anaangusha upanga, anarudi nyuma na kuanguka. Kwa kitabu, ni kweli anashindwa na kuvaa pete, lakini pia anapiga kelele jina takatifu la Elbereth na kurusha upanga kwa miguu ya mkuu wao, hata kama anaishia kukata joho tu. Halafu kule mtoni ndio iliniuma zaidi. Kwa muvi yuko mbele ya Arwen, yule mwanamke Elf, kwa farasi, macho yamegeuka, na Arwen ndiye anachomoa upanga na kuwaambia hao Nazgûl tisa waje wamchukue kama wanaweza. Kwenye kitabu Arwen hayuko hapo, Frodo yuko peke yake kwa farasi wa Glorfindel, Elf mwingine, amejeruhiwa, anatetemeka, anavuka, anageuka na kuwaambia kwa mdomo wake kwamba hawatapata pete wala yeye. Upanga unamvunjikia mkononi hapo hapo. Huyo mtu kwa muvi hukumwona.

Faramir sasa, kapteni wa Gondor anayewakamata Frodo na Sam njiani, huyu mimi na binamu yangu tumegombana juu yake mpaka watu wa nyumbani wakatuambia tutoke nje. Kwa kitabu anasema wazi hata angeikuta hiyo pete imelala barabarani asingeiokota, na anasema hivyo kabla hajajua iko mita chache kutoka alipokaa. Halafu Sam, rafiki na mtumishi wa Frodo, kwa kuongea sana baada ya kula, anaropoka jinsi Boromir alivyoitamani pete, anagundua amefanya nini, uso unamuiva. Hapo unasoma umeshika pumzi manze, hobiti wawili pangoni, wanajeshi wamejaa, na huyu ndugu wa Boromir ndio ameshika kila kitu. Anasimama, anakaa chini tena, anacheka kidogo. Anawapa chakula na fimbo za kutembelea, waende zao. Jackson naye amewafunga kamba akawaburuta mpaka mji wa Osgiliath ati zawadi ya baba yake. Binamu yangu ananiambia, “Buda, pete imejaribu kila mtu kwa masaa mawili, sasa huyu akatae tu hivi hivi? Nani ataiogopa tena?” Na kusema ukweli hiyo ndio sababu waliotunga skripti walitoa wenyewe, tena walikuwa wamemsukuma yule buibui Shelob kwa muvi ya tatu so ya pili ilihitaji kilele. Naielewa. Bado sikubali, kwa sababu kama hakuna hata mtu mmoja anayeweza kukataa, basi Boromir hakukosea, ilikuwa zamu yake tu.

Na kwa Boromir mwenyewe, hapo nawapa watu wa muvi maua yao. Kwa kitabu vita vyake vya mwisho huvioni, Aragorn anamkuta tu ameegemea mti na mishale mwilini, mwanzoni mwa The Two Towers. Sean Bean alimfanya mtu unayemlilia.

Aragorn, mrithi wa ufalme, na Gimli, yule kibeti, sina mengi. Wa kwanza kwa kitabu hana aibu na kiti chake cha ufalme, ule upanga uliovunjika unaundwa upya kabla hata hawajatoka Rivendell, makao ya Elves, si kungoja Elrond, bwana wa hapo, aulete muvi ya tatu. Gimli amefanywa mtu wa kuchekesha, na anayeongea kuhusu mapango ya Helm's Deep kama mshairi amebaki kitabuni.

Sam ndio nimalizie naye, juu watu husema ametoka sawa kabisa. Sean Astin alicheza vizuri, sipingi. Lakini ile ya Frodo kumfukuza kwa ngazi ati amekula mkate wote haiko kitabuni, wanaingia pango la Shelob wakiwa pamoja. Kilichokuwa hapo ni kingine kizito zaidi: Gollum, kile kiumbe kinachowaongoza njia huku kikiitamani pete, anarudi anawakuta wamelala, kichwa cha Frodo kiko kwa mapaja ya Sam, anawaangalia, kwa muda kidogo anaonekana tu mzee aliyechoka, ananyoosha mkono anagusa goti la Frodo polepole. Sam anaamka, anamuuliza kwa ukali ananyemelea nini, na ule moyo uliokuwa unataka kulainika unafungwa hapo. Yaani Sam, mtu mwema kuliko wote, ndiye anauzima bila kujua. Muvi imemtoa hiyo doa ikampa Gollum njama za makombo.

Ukitaka kuonja kabla hujatoa pesa, omba muuzaji ufungue sura inaitwa The Window on the West, iko kwa nusu ya pili ya The Two Towers. Ni ya Faramir karibu yote.