IST, Vitz, Passo, Demio au Fit: chagua kwa barabara yako

Ndugu na wafanyakazi wenzangu wanaotafuta gari la kwanza huniuliza swali moja: kati ya Toyota IST, Vitz na Passo, Mazda Demio na Honda Fit, lipi zuri? Nami huwauliza kwanza: unakaa wapi, unapakia watu wangapi, na unasafiri mkoani mara ngapi kwa mwaka? Magari yote matano yalitengenezwa kwa ustadi. Yakifika Dar es Salaam, Mbeya au Mwanza yakiwa na umri wa miaka kumi na zaidi, kinachoyatenganisha ni injini, gia boksi, na kama fundi wa mtaani kwako ameshazoea kulifungua la aina hiyo.

Nyumbani kwetu tumetumia Passo, Vitz, na IST za matoleo yote mawili. Fit na Demio nimeziendesha na kuzipeleka gereji kwa niaba ya jamaa.

Nianze na zenye injini ndogo ya cc 1000, maana ndizo zinazowavuta wengi. Hesabu ya kwanza wanayoipiga ni ya ushuru. Kwa viwango vilivyozoeleka, ushuru wa bidhaa kwa gari lisilozidi cc 1000 ni asilimia 0, na kwa cc 1001 hadi 2000 ni asilimia 5. Ni kweli, kuna nafuu. Ila kuna ushuru mwingine mzito kuliko huo, ule wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15, na likivuka miaka 10 ni asilimia 30. Kwa hiyo umri wa gari unagusa mfuko wako kuliko tofauti ya cc 1000 na 1300. IST iliacha kutengenezwa mwaka 2016, hivyo karibu kila utakayoagiza sasa inaangukia kwenye uchakavu. Viwango huweza kubadilika kila bajeti ya Juni. Ingia kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla hujatuma hata shilingi Japani, na uweke aina, mwaka na cc za gari lenyewe unalolitaka. TRA hukokotoa kwa thamani zilizo kwenye mfumo wake, hata kama wewe umeuziwa kwa bei ya chini.

Sasa injini yenyewe. Passo ya cc 1000 na Vitz ndogo, ile yenye chasisi ya KSP90, zinatumia injini moja, 1KR-FE ya silinda tatu, kazi ya Daihatsu. Ni injini nzuri sana. Kati ya 2007 na 2010 ilishinda kila mwaka tuzo ya kimataifa ya injini bora katika kundi la chini ya lita moja. Ikiwa silensa, yaani inaunguruma gari likiwa limesimama, hutetemeka kidogo, na hiyo ndiyo tabia ya silinda tatu. Nimeona watu wakibadilishiwa plagi na koili bure kwa sababu ya mtetemo huo. Kama mtetemo umezidi kiasi cha dashibodi kugonga, kagua kwanza maunti, zile raba zinazoishikilia injini.

Mjini, kwa mtu mmoja au wawili, sijaona gari linalobana mafuta kuliko Passo. Foleni ya Mwenge au Tazara haikuumizi, na pale Kariakoo utapata pa kuegesha ambapo wengine wanapita tu. Lakini nguvu yake ni farasi 71 hivi. Pakia watu wazima wanne, mabegi, washa kiyoyozi, kisha upande Kitonga nyuma ya lori la kwenda Tunduma. Utazima kiyoyozi, utashusha gia, na bado utabaki nyuma ya lori hilo, kwa sababu kulipita kunahitaji nafasi ndefu ambayo barabara ile haina. Hapo ndipo ninapokataa kabisa kumshauri mtu mwenye familia ya mkoani anunue cc 1000 ili kuokoa mafuta. Kulipita lori kwenye barabara ya njia mbili ndilo jambo la hatari kuliko yote tunayoyafanya safarini, na injini yenye pumzi inapunguza muda unaokaa upande usio wako.

IST ya cc 1500 ina farasi karibu 110 kwenye mwili usio mzito sana. Injini yake, 1NZ-FE, utaikuta pia kwenye Raum, Probox, Succeed, Platz, Sienta na Fielder. Ndiyo maana ukiharibikiwa Makambako au Singida utapata fundi aliyewahi kuishika na spea ya kufunga siku hiyo hiyo. Huu ndio ubora ninaouthamini kuliko viti vizuri na redio kubwa. Ile ya cc 1300, 2NZ-FE, ni ndugu yake wa karibu na inatosha kwa wengi. Soma chasisi: NCP60 ni cc 1300, NCP61 ni cc 1500, na NCP65 ni cc 1500 ya 4WD, inayosukuma magurudumu yote manne. Hiyo ya 4WD siipendekezi kwa mtu wa mjini; ina uzito wa ziada, inakula mafuta zaidi, na mfumo wake wa nyuma haupatikani kirahisi kwenye maduka ya spea. Toleo la pili, NCP110, lililotoka 2007, limetulia zaidi kwenye lami na kelele zimepungua ndani, ila nguzo zake za nyuma ni nene. Ukirudi nyuma kwenye uchochoro wenye watoto, shuka uangalie.

Gia boksi ndiyo inayoamua gari litakugharimu kiasi gani baadaye. IST ya kwanza ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. IST ya pili isiyo 4WD, Vitz nyingi za kuanzia 2005, na Fit za zamani zina CVT, yaani mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kujibana. CVT ni laini na inabana mafuta, na ikitunzwa inadumu. Adui yake ni oili isiyo yake. Gereji nyingi zina dumu moja la oili ya gia boksi, na kila otomatiki inayoingia inawekewa hiyo hiyo. Jamaa yangu mmoja alifanyiwa hivyo kwenye gereji ya mtaani, na haukupita muda mrefu gari likaanza kuteleza kila likipanda kilima. CVT za Toyota zinataka oili iliyoandikwa TC au FE, kutegemea mwaka. Fit za zamani zinataka HMMF ya Honda. Nunua mwenyewe, ipeleke gereji, na usimame pale ikimiminwa.

Ukijaribu CVT iliyotumika, nenda asubuhi injini ikiwa baridi. Weka D, achia breki taratibu bila kukanyaga mafuta. Likiondoka kwa kutikisika kama linakwaruza kitu, liache. Fit za kwanza ndizo zinazojulikana zaidi kwa ugonjwa huo. Rudia gari likishapata moto, kwenye kilima.

Nisiionee Fit. Tanki lake la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma vinalala kabisa na unapata sehemu ya mizigo ambayo IST haiwezi kuikaribia. Kwa mtu anayebeba bidhaa za duka au vifaa vya upishi, ningeipa nafasi ya kwanza. Jambo moja tu: Fit ya cc 1300 ya 2001 hadi 2007 ina plagi nane, mbili kwa kila silinda. Mafundi wengi hubadilisha nne zinazoonekana mbele na kuziacha nne za nyuma, kisha gari linaendelea kukosa nguvu na mwenye gari anaambiwa injini imechoka. Lipia nane, na uzihesabu zikitoka.

Demio ya 2007 kuendelea ilishinda tuzo ya Gari Bora la Dunia mwaka 2008, na ukiushika usukani wake unaelewa sababu. Linakata kona kwa uhakika kuliko yote niliyoyataja. Tatizo letu Tanzania ni soko. Spea zake unazitafuta, na siku ya kuuza wanunuzi ni wachache. Ukiwa Nairobi hesabu hubadilika: sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, magari ya huko ni mapya kidogo, na Demio zimejaa barabarani pamoja na mafundi wake. Demio za dizeli za cc 1500, zilizoanza 2014, zinavutia kwa ulaji wa mafuta, lakini zina chujio la masizi linalohitaji mwendo mrefu ili lijisafishe. Safari za Mbezi hadi Kimara kila siku zitaliziba.

Kuhusu mafuta, usiamini namba iliyobandikwa kwenye tangazo. Kipimo cha zamani cha Japani, 10-15, kilifanyika maabara na mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilometa 70 kwa saa. Pima mwenyewe: jaza tanki mpaka pampu ijikate, sifurisha kilometa, tembea wiki nzima kama kawaida yako, kisha rudi kwenye pampu ile ile ujaze tena. Ukiwa umetembea kilometa 420 na tanki likapokea lita 35, unapata kilometa 12 kwa lita. IST zetu mjini zimekuwa kwenye 10 hadi 12, na barabara kuu 14 au 15. Passo hutuongezea kilometa tatu hivi kwa kila lita mjini, lakini ikijaa watu safari ya mbali faida hiyo hupungua sana kwa sababu unaikanyaga muda wote.

Ukinunua lililokwisha sajiliwa, usidanganyike na herufi ya namba. Namba E inaonyesha lilisajiliwa lini hapa, haisemi lilitengenezwa lini. Ukiagiza, omba karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani: daraja la 4 au 3.5 linatosha, na ukiona R au RA ujue liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya mifuko ya hewa lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameing'oa au kuikata. Kagua na tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017, na tairi la umri huo halifai kwenda nalo Dodoma hata kama kashata zake, yaani meno ya tairi, bado ndefu.

Likishakuwa lako, fungua rejeta asubuhi kabla hujawasha. Ukikuta maji yenye rangi ya kutu, yamwage yote na uweke kulanti sahihi, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini. Injini hizi ni za alumini. Zikichemsha mara moja kwa nguvu, silinda hedi hupinda, na gharama ya kuinyoosha na kubadilisha gasketi inazidi kwa mbali bei ya kulanti ya miaka mingi. Hakikisha pia feni inazunguka ukiwasha kiyoyozi gari likiwa limesimama, kwa sababu ni kwenye foleni ya mchana, si barabara kuu, ambapo nyingi huchemsha.