Daktari wa Macho Anajibu: Eti Lenzi za Siku Hizi Mtu Analala Nazo?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 26, ni keshia hapa Mombasa. Sioni mbali, navaa miwani ya -4, sasa nataka lenzi laini za jichoni. Shangazi yangu alizivaa miaka ya 80 akiwa masomoni Uingereza, akaziacha kwa sababu kila jioni macho yalimwiva mekundu. Muuzaji wa miwani anasema hizo zilikuwa za zamani, za sasa hata kulala nitalala nazo. Nani mkweli? Na nikitaka kutawadha je?
Msomaji, Kizingo

JIBU: Marahaba mwanangu. Shangazi ni mkweli. Muuzaji naye ni mkweli, ila kaishia njiani.

Konea, yaani sehemu angavu iliyo mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Oksijeni huipata hewani kupitia machozi. Lenzi za shangazi asili yake ni plastiki inayonyonya maji, kazi ya wanakemia wa Prague, Otto Wichterle na Drahoslav Lím. Krismasi ya 1961 Wichterle alizitengeneza nyumbani kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea vya wanawe na dinamo ya baiskeli. (Nawapenda watu wa namna hii.) Kufikia 1971 zikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Zilikuwa laini kweli, lakini oksijeni ilipenya kwa kupitia maji tu, na maji yalikuwa asilimia 38 hivi ya lenzi nzima. Jioni konea imekosa pumzi, mishipa ya kandokando inatanuka. Huo ndio wekundu wa shangazi. Waliong'ang'ania miaka mingi, wengine waliota mishipa mipya ndani ya konea yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 90 zikaingia za silikoni haidrojeli, yaani plastiki ile inayonyonya maji iliyochanganywa na silikoni. Silikoni hupitisha oksijeni bila kungoja maji, ingawa kwa asili yake haishikani na machozi, ikabidi itengenezwe ili ilowe. Wekundu ule wa jioni umepungua sana.

Lakini hewa ni jambo moja, vijidudu ni jambo jingine. Ukilala na lenzi, hata hizi mpya, hatari ya kidonda cha konea hupanda mara kadhaa, na kidonda kikipona huweza kuacha kovu linaloziba nuru. Zipo zilizoidhinishwa kulala nazo. Wewe wa kazi ya mchana, za nini?

Kuhusu udhu, hukumu muulize sheikh wako, mimi nasemea maji. Ya bomba, ya kisima na ya bahari huweza kuwa na akanthamiba, kijidudu kigumu mno kutibika. Alfajiri tawadha kwanza, kausha mikono, ndipo uvae lenzi. Adhuhuri kazini, fumba macho, osha uso, kausha kope kwa taulo kabla hujafumbua. Ukienda kuogelea, zivue.

Mfuko ukiruhusu, chukua za kutupa kila siku, uepukane na kisanduku na dawa ya kusafishia. Pia usinunue kwa namba ya miwani: miwani iko mbali kidogo na jicho, hivyo -4 yako huenda ikawa -3.75 kwenye lenzi, na mpindo wa jicho nao lazima upimwe.

Miwani usiigawe. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likichukia mwanga, vua lenzi, vaa miwani, nenda hospitali siku hiyohiyo, na lenzi yenyewe uende nayo.